Isdori Asiyesikia Baridi

Mwezi wa sita Sumbawanga si mwezi wa kufanyia mzaha. Upepo unakuja ukipita juu ya mashamba ya ulezi yaliyokwisha kuvunwa, unaingia mjini bila kubisha hodi, na watu wanavaa makoti mawili mawili na bado wanatembea wamejikunyata. Lakini ndio mwezi huohuo, kwa kuwa mvua zimeshaondoka, ambao wafyatua matofali wanaingia kazini, na kazi ya matofali inaanza kwa kukanyaga udongo. Unachimba shimo, unamwaga maji ya mtoni, unakunja suruali, unaingia miguu mitupu asubuhi na mapema. Kule bondeni chini ya mtaa wa Katandala, wanaume wazima wenye wajukuu walikuwa wakiingia shimoni wanapiga mayowe, wanawataja watakatifu wote wanaowafahamu, kisha wanaruka kutoka nje na kukimbilia moto.

Isdori hakuruka. Isdori aliingia kwenye ule udongo wa barafu taratibu, akakunja mikono kifuani, akawatazama wenzake kwa huruma. "Mnalia nini nyie? Maji tu haya." Kisha akaanza kukanyaga, kulia, kushoto, kulia, kushoto, huku akisimulia habari za ndoa za watu, mpaka udongo ukalainika kama ugali wa mama mkwe. Ilikuwa misimu miwili sasa tangu aanze mambo hayo. Walimpa jina la Chuma, na jina lilimkaa vizuri.

Tusimlaumu kwa kulifurahia. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kifua kipana na maneno mengi, anayekaribia miaka sitini. Magoti yalikuwa yameanza kulalamika, na kanisani kitabu cha nyimbo alikishikia mbali mpaka kinamgusa mtu wa benchi la mbele. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kwamba kuna jambo moja anawashinda vijana wote wa bondeni, unadhani atakwenda kulichunguza? Atalivaa kama kofia mpya.

Mkewe, Klementina, naye alijisifu. Asubuhi aliuza uji wa ulezi pale Majengo, na wateja walioshika vikombe kwa mikono miwili ili wapate joto walisimuliwa habari za mume wake. "Mnatetemeka na viatu vyenu! Wangu saa hizi yuko kwenye maji mpaka magotini." Watu walicheka, wakaongezewa uji. Klementina alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti lakini si mpole wa maamuzi, na aliyekuwa akimpenda mume wake kwa namna ya watu walioshindwa kuachana kwa ugomvi: kila siku akimsema, na kila siku akimbakizia ukoko.

Mwaka huo matofali yalikuwa ya Kija. Kija alikuwa mfugaji wa Kisukuma aliyepandisha ng'ombe wake kutoka bonde la Ziwa Rukwa, akapata kiwanja, akaamua kwamba baridi ya Ufipa haiwezi kustahimiliwa na mtu aliye kwenye nyumba ya udongo. Alikuwa rafiki mkubwa wa Isdori, na wa kwanza kukiri kwamba baridi imemshinda. Alivaa shuka juu ya koti na koti juu ya sweta, na siku tanuri la kuchomea matofali lilipowashwa alihamia pale kabisa, akisema analinda kuni.

Siku hiyo Klementina alimaliza uji mapema, akapita nyumbani, akapika maharage na ugali, akashuka navyo bondeni. Tanuri lilikuwa limeshika moto vizuri. Isdori alikuwa amesimama kwenye mdomo wa tanuri, amevaa ndala, anasukumia gogo ndani kwa mti mrefu na kuwaeleza wenzake jinsi tanuri la mwaka fulani lilivyoharibika kwa sababu hawakumsikiliza. Klementina alitua kapu. Akanusa.

"Kuna kitu kinaungua," alisema.

"Si tanuri hilo, shemeji," Kija alimjibu kutoka ndani ya shuka lake.

"Si kuni. Ni plastiki."

Wakatazamana, wakatazama chini. Ndala ya kulia ya Isdori ilikuwa imekanyaga kaa lililodondoka. Soli ilikuwa imeyeyuka, imetandaa juu ya udongo, na moshi mwembamba mweusi ulikuwa unapanda taratibu pembeni ya kisigino chake. Yeye alikuwa bado anazungumza.

"Baba Salome! Mguu!" Klementina alimpigia kelele mumewe.

Isdori akatazama, akanyanyua mguu, na ndala ikanyanyuka nao kwa kuwa ilikuwa imeng'ang'ania kisigino. Bonde zima likalipuka kwa kicheko. "Chuma! Chuma kweli! Hata moto!" Mmoja alipiga makofi. Isdori mwenyewe aliinama kwa heshima kama mtu aliyemaliza kuimba, akacheka mpaka meno ya nyuma.

Klementina hakucheka. Mtu anaweza kuvumilia baridi, sawa. Kuvumilia ni kusikia kitu halafu ukanyamaza. Huyu hakuwa amenyamaza, alikuwa hajui.

Alimkalisha kwenye rundo la matofali mabichi, akambandua ndala, naye Isdori akimzuia kwa maneno kwamba ni jambo dogo, chakula kinapoa, watu wanatazama. Kisigino kilikuwa kimefanya lengelenge jeupe, pana. Lakini si hilo lililomtoa machozi Klementina. Chini ya kidole kidogo, mahali ambapo mtu hapaoni mpaka apinde mguu kama mtoto, kulikuwa na shimo. Kidonda cha zamani, chenye kingo ngumu, kimejaa unga wa njano uliogandamana na udongo wa matofali. Na kilikuwa na harufu.

"Hiki nini?"

"Nilichomwa na kitu. Kijiti, sijui. Nimekitilia dawa."

"Dawa gani?"

"Zile kapsuli za rangi mbili. Nilinunua dukani, nikafungua, nikamwagia unga wake. Kimeshakauka."

"Kinanuka, baba Salome."

"Hakiumi!" Isdori alisema, na alisema kwa ushindi, kama mtu aliyetoa hoja ya mwisho barazani. "Siku kikiuma nitakwenda hospitali. Nitaendaje na kidonda kisichouma? Nitawaambia nini?"

Kija alikuwa ameacha kucheka. "Mzee, nenda," alisema taratibu. "Ng'ombe wangu akikanyaga mwiba halafu asichechemee, mimi silali."

"Mimi si ng'ombe wako. Na Kornel alikwenda. Mmemsahau Kornel? Aliondoka hapa na miguu miwili, wakamrudisha na mmoja. Nikienda huko na hiki kidonda, mama Salome, watakata. Wewe utakuwa umenipeleka nikakatwe." Sauti ilimtetemeka kidogo pale mwisho. Klementina aliisikia, akaelewa kwamba chini ya maneno yale yote, Chuma alikuwa anaogopa.

Hakubishana naye mbele ya watu. Alimfunga mguu kwa kitenge chake cha pili, akamwekea chakula, akapanda mlima kurudi nyumbani. Njiani alilia, akajifuta, akasalimiana na watu wawili watatu, akalia tena. Kila alipofikiria lile shimo chini ya kidole alijiuliza limekaa pale muda gani, likiingia udongoni kila asubuhi, na yeye akiuza uji na kujisifu.

Jioni Isdori alirudi, akaketi kwenye kigoda, akanyoosha miguu kuelekea jiko la mkaa kama kawaida yake. Klementina akalivuta jiko. Akalisogeza mpaka ukutani.

"Sasa umeanza kuninyima moto?"

"Nataka nikuulize jambo, unijibu bila utani. Mara ya mwisho kunigusa na miguu yako kitandani ilikuwa lini?"

Isdori alitazama mlango, ingawa hapakuwa na mtu. "Mama Salome, maneno gani hayo jioni yote hii?"

"Tangu umenioa," Klementina alisema, "kila ukifika msimu wa baridi unaniwekea miguu yako katikati ya miguu yangu. Miguu kama mawe ya mtoni. Nimekusema kwa sababu hiyo mpaka mama yako akaniambia nivumilie, wanaume wa ukoo wenu ndivyo walivyo. Nimekuhamisha upande wa ukutani, nimekununulia soksi, nimekutishia kulala na watoto. Hukuacha. Miaka yote hukuacha. Halafu siku moja ukaacha."

"Si ulikuwa unalalamika?"

"Ulianza lini kusikiliza malalamiko yangu?"

Jibu walikuwa wanalijua wote wawili.

"Mwanzoni nilishukuru," Klementina aliendelea. "Nikasema, sasa nitalala. Baadaye nikaona pananipwaya. Nikadhani umenichoka. Nililala nimekupa mgongo nikiwaza, huyu kapata wapi pengine pa kuweka miguu. Kumbe miguu ileile ni baridi kama zamani, nimeigusa leo, ni baridi, baba Salome! Hukuacha kwa sababu imepata joto. Umeacha kwa sababu huisikii. Imekufa ganzi, nawe unatembelea juu yake unasema wewe ni chuma."

Isdori aliinamia mguu wake wa kushoto, ule usiofungwa, akaubonyeza kwa dole gumba. Akabonyeza zaidi. Akafinya kidole kimoja baada ya kingine kama mtu anayejaribu maparachichi sokoni. Uso wake ulibadilika taratibu. Katika miaka yao yote Klementina alikuwa hajawahi kumwona mume wake akikosa la kusema, na sasa alipomwona alitamani aseme chochote, hata uongo.

"Na maji?" alimuuliza kwa upole. "Siku hizi unakunywa mtungi mzima. Usiku unatoka nje mara ngapi?"

"Mara nyingi," Isdori alisema. Kisha akasema, "Wakikata je?"

"Nitakuwepo."

Asubuhi yake Kija aliachiwa tanuri, kazi aliyoipokea kwa moyo mweupe kwa kuwa lilikuwa na joto, nao wakapanda mshikaki, wao na dereva kwenye bodaboda moja, Isdori katikati, amevaa shati la Jumapili. Klementina nyuma alimshika kiunoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya hadharani tangu ujana, na baridi yote ile hakuisikia.

Daktari aliyewapokea hospitalini alikuwa binti mdogo, jina lake Faith, aliyewaamkia shikamoo kabla ya kukaa. Alimtoboa Isdori kidole cha mkono kupima sukari, na Chuma akaruka. "Mwanangu, unaniumiza!" Klementina alitikisa kichwa. Mtu huyohuyo jana alikuwa ameunguza kisigino anahutubia.

Sukari ilikuwa juu sana. Daktari Faith hakupiga kelele, hakuwakaripia. Aliuliza maswali kuhusu kiu, kuhusu kukojoa, kuhusu macho, na kila swali Isdori alilijibu akimtazama mke wake kama mtoto aliyefichuliwa. Kisha daktari alimlaza kitandani, akatoa kijiti chenye uzi mgumu wa plastiki mwishoni.

"Baba, fumba macho. Nitakugusa miguuni kwa uzi huu. Ukisikia nimekugusa, sema hapo."

Isdori alifumba macho. Alikuwa amejipanga kufaulu. Hilo lilionekana usoni. Daktari alimgusa kidole gumba mpaka uzi ukapinda. Isdori kimya. Akamgusa unyayoni, mahali pawili patatu. Kimya. Akaondoa mkono kabisa, akasubiri.

"Hapo!" Isdori alisema.

Hapakuwa na kitu. Daktari alimgusa kisigino cha mguu mzima, akabonyeza. Kimya. Akaweka mikono mapajani mwake.

"Hapo, hapo!" Isdori alisema tena, akitabasamu, macho yamefumbwa. "Kwenye kidole hapo."

Klementina alijiziba mdomo kwa khanga. Hakuwa ameona jambo lililomuuma namna ile tangu amzike mama yake: mtu wake amelala pale na shati la Jumapili, anatabasamu, anajibu kuguswa kusikokuwepo, na kule anakoguswa hayupo. Alitaka kusema "acheni", alitaka kumkumbatia mbele ya daktari. Alishika ncha ya shuka, akaibana.

Alipoambiwa afumbue macho, Isdori aliuliza, "Nimepata ngapi?"

Daktari Faith akavuta kiti karibu. Alimweleza kwamba kisukari kimekaa mwilini muda mrefu bila kujulikana, kikaua hisia za miguu kuanzia vidoleni. "Maumivu ni mlinzi, baba. Wako ameacha lindo. Kwa hiyo kidonda chako kutokuuma si nafuu. Kidonda kisichouma ndicho kilipaswa kukuleta hapa siku ileile ulipokiona, hata kingekuwa kidogo kama punje ya ulezi."

"Mtakata?" Isdori aliuliza. Aliuliza kwa sauti ya chini sana.

"Kwa nini nikukate mguu?"

"Kornel wa kwetu mlimkata."

Daktari hakumjua Kornel. Akauliza, kwa adabu, huyo Kornel alikaa nyumbani na kidonda chake kwa muda gani kabla ya kuletwa. Klementina ndiye aliyejibu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiwapelekea uji kina Kornel, na alikumbuka jinsi alivyouacha mlangoni kwa sababu ya harufu, na jinsi Kornel alivyokuwa akisema kwamba hakiumi, anasubiri mavuno yaishe.

"Alikaa tangu palizi," alisema. "Wakamleta ulezi ulipokwisha kuvunwa."

Isdori alimgeukia mke wake, kisha akautazama mguu wake. Hakumtaja Kornel tena.

Alilazwa. Walimsafisha kidonda mpaka kwenye nyama hai, walimpa dawa ya kuua vijidudu kwenye mshipa, wakamshusha sukari taratibu. Kidole kidogo kilikuwa kimeoza mpaka mfupani, ikabidi kiondoke. Daktari aliwaambia mapema, akiwa amekaa, bila kuwazungusha. Isdori aliomba kushikwa mkono na mke wake kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji, akaacha kufanya utani kabisa, na Klementina alisali rozari yote akichanganya mafumbo ya uchungu na ya furaha bila kujali. Alipotolewa, mguu ulikuwepo. Aliuhesabu kwa macho, akakaa chini kwenye korido na kucheka peke yake.

Siku ya kuruhusiwa, kisigino kikiwa kimeanza kuota ngozi mpya, daktari Faith aliwaita wote wawili kando ya kitanda wodini. Alikuwa na maagizo, na kila agizo lilikuta Isdori ana neno.

"Matope basi, baba. Miguu mitupu hapana, hata ndani ya nyumba."

"Hata kwenda bafuni?"

"Hata kwenda bafuni. Viatu vya kufunika, na kabla ya kuvaa vikung'ute, uingize mkono ndani. Maji ya moto usiyapime kwa mguu, mama atayapima kwa kiwiko. Jikoni usinyooshe miguu. Na kukwangua sugu kwa wembe uache."

"Sasa mwanangu, nitabaki na kazi gani?"

"Kusimamia. Nasikia unaweza kuongea."

Klementina alicheka mpaka akaona aibu. Kisha daktari akawa makini, akamgeukia yeye. Kila jioni miguu itazamwe, juu, chini, na katikati ya vidole, kwa mwanga mzuri. Wakiona lengelenge, mpasuko, wekundu, weusi, uvimbe, sehemu yenye joto kuliko nyingine, usaha au harufu, waje siku hiyohiyo. Wasimwage unga wa dawa. Wasisubiri mpaka kidonda kianze kuuma.

"Kitakapouma?" Isdori alianza.

"Hakitauma, baba."

Neno hilo lilimwingia. Alitazama vidole vyake vinne vilivyobaki mguuni. "Haitarudi kabisa? Hisia?"

"Pengine isirudi. Tukishika sukari, tutalinda iliyobaki."

"Imebaki wapi?"

Daktari akachukua ule uzi. Isdori akafumba macho, na safari hii hakutabasamu. Ukagusa unyayo, kimya. Ukagusa juu ya vidole, kimya. Ukapanda kwenye kifundo. Kimya. Ukapanda kidogo tena, juu ya kifundo, mahali soksi inapoishia.

"Hapo," Isdori alisema kwa mashaka. Kisha kwa sauti kubwa: "Hapo! Hapo kweli!"

Klementina hakuamini. Alikuwa ameshadanganywa na "hapo" za mume wake. Akasogea, akapeleka vidole viwili mahali palepale, akafinya kwa nguvu zote za mwanamke aliyetwanga ulezi maisha yake yote.

"Yalaa! Mama Salome, unaniua!"

Wodi nzima iligeuka. Walimwona mzee mmoja amejishika mguu anagugumia, na mke wake amesimama juu yake anacheka huku machozi yanamshuka mpaka kidevuni, akimwambia asante, asante sana, kana kwamba amepewa zawadi.

"Panauma?" alimuuliza tena.

"Panauma vibaya!"

"Asante Mungu."

Isdori alijisugua pale palipofinywa mpaka pakapoa. Kisha akaweka kiganja chake pembeni ya mguu, juu kidogo ya kifundo, kama mtu anayeonyesha mpaka wa shamba.

"Basi sikiliza," alimwambia mkewe. Hakuwa anatania. "Hapa kwenda juu nitajisikilizia mwenyewe. Hapa kwenda chini mimi sipo. Nimekukabidhi wewe."

Klementina alipiga magoti sakafuni, akaupakata ule mguu, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaanza kutazama katikati ya vidole.